Amplifaya Iliyokuwa Kimya Mno

Jua lilikuwa linazama fundi alipopita dukani kwa muuza spika kuchukua maboksi matatu. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: asikilize amplifaya tatu za kisasa, zile za daraja D zisizopata moto na nyepesi kuliko tofali, kisha kesho aseme ipi iagizwe kwa wingi. Mtaa mzima ulimwita Masikio, na si kwa utani tu. Aliwahi kumwambia mwenye gari kwamba spika ya mlango wa nyuma imelegea skrubu moja, gari lenyewe likiwa bado linakata kona.

Muuza spika akamwambia, nusu akicheka, kwamba boksi la tatu lilikuwa limerudishwa. Mama mmoja mjane alinunua amplifaya ile, akaileta kabla wiki haijaisha, wala hakutaka kubadilishiwa. Alisema tu iko kimya mno.

Masikio naye akacheka. Mafundi wanahangaika miaka wakiusaka ukimya huo, amplifaya isiyovuma hata kidogo, halafu mtu anaurudisha dukani! Watu wana mambo.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Nyuma palikuwa na jiko, kitanda, na upweke wa miezi kumi na moja. Tangu mkewe afariki alikuwa bado anapika chakula cha watu wawili kwa mazoea. Anakula nusu, ile nusu nyingine anaitazama. Binti yao wa pekee, mwalimu katika mji wa mbali, alimpigia simu kila jioni akimsihi ahamie kwake. Kila jioni alipata kisingizio. Jana alimwambia kazi zimemzidi, kumbe siku nzima alikuwa amelehemu waya mmoja tu.

Alisubiri jirani anayechomelea mageti afunge kazi. Akafunga dirisha, akaziunganisha amplifaya zote tatu kwenye swichi moja, akazisawazisha nguvu kwa kipimo ili yenye sauti kubwa isije ikamdanganya kwamba ndiyo nzuri. Kisha akaketi kando ya meza yenye swichi, akazipa kisogo. Ndivyo alivyofanya kazi siku zote, kwa sababu akitazama boksi zuri, masikio huanza kupendelea.

Wengine hupimia muziki. Yeye alipimia rekodi moja ya dakika moja, aliyomrekodi mkewe jikoni miaka mingi nyuma wakati anajaribu kinasa sauti. "We mwanaume, niseme nini sasa?" anauliza mkewe, kisha anasoma maandishi ya pakiti ya sabuni, anacheka, anamalizia kwa kusema, "Haya, basi. Zima." Mkewe alikuwa na pengo la jino la mbele, na kila S ilitoka na kifilimbi chembamba. Amplifaya mbovu hukimeza kifilimbi hicho. Ikiwa nzuri hukirudisha, na Masikio husahau kwa muda kwamba amefiwa.

Ya kwanza ilikuwa safi lakini kavu, kama vile mkewe anasoma taarifa ya habari. Ya pili ilikuwa na joto, ila besi imezidi. Mkewe ana mafua. Akaandika hivyo hivyo kwenye karatasi.

Akageuza swichi kwenye ya tatu.

Kimya.

Hata ule mvumo mwembamba wa umeme haukuwepo. Kisha mkewe akaongea, na kalamu ikamdondoka Masikio. Sauti haikutoka kwenye spika zilizokuwa mbele yake. Ilikuwa mle chumbani, hatua mbili nyuma ya kiti. Kifilimbi kilikuwepo, pumzi ilikuwepo, hata kucha zake zikikwaruza pakiti. Masikio alilia bila kujifuta.

"Haya, basi. Zima."

Rekodi ikaisha. Hakuzima.

Zikapita sekunde kumi... ishirini... Halafu mtu akavuta pumzi.

"Umekonda sana."

Fundi ni fundi. Jambo la kwanza lililomjia ni kwamba waya unanasa redio ya jirani. Akanyoosha mkono mezani, bila kugeuka, akachomoa waya wa kuingiza sauti. Ncha yake ikabaki inaning'inia kiganjani.

"Mbona husemi?"

Chumba kilianza kunuka ile dawa ya kuchua aliyompaka mkewe wiki za mwisho. Masikio akanong'ona kwamba yupo, kwamba amemkumbuka, kwamba nyumba imekuwa kubwa mno. Alisema yote ambayo hakuwa amemwambia mtu. Sauti ilimwacha amalize. Kisha ikauliza mtoto yuko wapi.

"Mwite aje," ikasema. "Asichelewe. Asije na mtu."

Hapo masikio yake yakafanya kazi ambayo moyo haukutaka. Asichelewe: hakuna kifilimbi. Asije: hakuna. Akarudi nyuma kichwani. Umekonda sana, mbona husemi... S zote zilikuwa laini, za mtu mwenye meno kamili. Hicho kilichokuwa nyuma ya kiti kilikuwa na dakika moja tu ya mkewe, na yaliyobaki kilikuwa kinayatengeneza chenyewe.

Akapeleka kidole kwenye swichi ya umeme hapo mezani.

"Ukizima," ikanong'ona, karibu zaidi sasa, "utabaki na nani?"

Kidole kikaganda. Alijua si mkewe. Alijua kabisa, na bado hakubonyeza.

Simu ikaita. Alikuwa binti yake, na aliongea haraka kama mtu aliyekwisha kuamua: ameomba ruhusa shuleni, kesho alfajiri anapanda gari, anakuja kumchukua, na safari hii hataki kusikia visingizio. Masikio alitaka kumwambia njoo, mama, njoo unitoe humu. Neno lilimfika mdomoni. Nyuma ya kiti pumzi ikatulia. Ilikuwa inasikiliza.

"Usije," akasema.

"Baba, una nini? Mbona unanong'ona?"

"Usije, mwanangu. Kesho wala siku nyingine. Sihami, na sitaki mgeni. Usinipigie tena."

Alimsikia akianza kulia. Akakata simu kabla moyo haujamgeuka, akaizima. Hakuwahi kumsemesha mwanawe hivyo tangu azaliwe, na hakuwa na namna ya kumweleza.

Swichi ya umeme ilikuwa bado pale pale. Masikio akauondoa mkono wake, akauweka mapajani.

"Haji," akasema, bila kugeuka. "Niko mimi tu."

Harufu ya dawa ikazidi. Kitu baridi kikamgusa begani, kikatulia hapo, kwa upole kabisa.

"Hata wewe unatosha."