Boriti Iliyojikunja

Jukwaa la ghala lilikuwa limeporomoka, mifuko ya saruji imepasuka juu yake, na mtunza ghala ametolewa chini yake akiwa maiti. Inspekta alizunguka vumbi lile huku akizidi kuchanganyikiwa. Mama huyu hakupenda kesi ambayo kila mtu anakuja na jibu mkononi.

"Ni fundi wa kuchomelea," alisema msimamizi, ufunguo wa winchi ya kuinulia mizigo ukining'inia shingoni. "Kachomelea ovyo. Tangu asubuhi niliona boriti inabonyea kidogo kidogo. Nikamwambia shemeji atoke, akanipuuza."

"Marehemu ni shemeji yako?"

"Kamuoa dada yangu."

Fundi alishakuwa mahabusu. Pale kituoni mkewe mjamzito alikaa kwenye benchi, na mjane wa marehemu alikaa upande wa pili, hataki hata kumtazama. Fundi akipatikana na hatia, mtoto yule angezaliwa baba akiwa gerezani.

Lakini viungo vyote alivyochomelea vilikuwa vizima! Inspekta alivigonga kwa nyundo kimoja kimoja, wapi, hakuna kilichoachia. Kilichoharibika ni boriti yenyewe, imejikunja mahali pamoja tu, moja kwa moja chini ya winchi. Basi labda marehemu alizidisha mifuko?

"Hapana, afande, ilikuwa ile ile ya siku zote," alisema mwendesha winchi. "Ila mimi sikuwepo. Msimamizi alinituma getini nikapokee lori."

"Mzigo huwa mnautuaje?"

Mwendesha winchi alijikuna shingo. "Ukikaribia jukwaa, tunaachia breki, unadondoka shubiri ya mwisho. Kiwanda kizima tunafanya hivyo. Inaokoa muda."

Inspekta akamwita mhandisi, wakaweka kipande cha boriti ya aina ile ile juu ya matofali mawili, na msimamizi akaitwa ashuhudie.

"Hili ni bati lililokunjwa tu, ndani tupu," alisema mhandisi. Walipanga mifuko polepole, mmoja juu ya mwingine. Boriti haikutikisika.

"Mbona haibonyei?" aliuliza inspekta.

"Haitabonyea, mzigo huu bado inaumudu. Sasa tazama." Mifuko ikaondolewa, akamwambia mwendesha winchi ainue mmoja tu juu kabisa, kisha auachie. Ukuta wa boriti ukajikunja papo hapo, kama kopo lililokanyagwa. "Uzito wa mfuko ni ule ule. Ila ukija kwa kishindo, kuta nyembamba hazipati nafasi ya kuustahimili. Wala hazikupi onyo."

Inspekta alimgeukia msimamizi taratibu.

"Wewe unasema uliiona ikibonyea tangu asubuhi. Uliona nini, ndugu yangu? Mwendesha winchi yuko getini, ufunguo uko shingoni mwako."

Msimamizi alikaa chini kwenye vumbi.

"Niliachia breki mapema," alisema. "Mzigo ulikuwa bado juu. Nilidhani katoka mle chini, afande, haki ya Mungu. Kisha nikamwona dada anakuja anakimbia. Ningemwambia nini? Kwamba nimemuua mumewe kwa haraka zangu? Nikasema ni fundi."

"Utamwambia hivyo hivyo."

Kituoni mjane aliinuka kwenye benchi alipomwona kaka yake akiingia, akamshika mikono yote miwili.

"Kaka, yule fundi amekiri?"

Msimamizi hakuweza kumtazama. Alimtazama mke wa fundi.

"Mruhusuni huyu mama aende na mumewe," alisema. "Dada, kaa chini. Ni mimi."