Sauti ya Babu na Programu Tatu

Kila jioni, akishamwagilia mchicha wake, Mama Lusungu wa Chamazi huwasha kompyuta ya marehemu mumewe, Elibariki. Ndani yake mna hadithi ambazo mzee alijirekodi akizisimulia, kwa ajili ya mjukuu wao Nikodemu, au Niko, aliyeko Mbeya.

Elibariki hakutaka sauti yake izagae mtandaoni. Aliweka programu ya VPN iitwayo Kichochoro. Programu hiyo hutengeneza njia ya faragha kwenye intaneti, kutoka simu ya binti yao Lusungu, mama yake Niko, hadi kompyuta ile ya sebuleni. Mpita njia hawezi kuchungulia.

Jioni moja njia ilikatika. Lusungu akapiga simu.

"Mama, Niko kagoma kula. Anamtaka babu yake."

"Mwambie babu anakuja, mwanangu."

Alipokata simu, Mama Lusungu alijifuta machozi kwa ncha ya khanga. Kisha akatafuta Kichochoro mtandaoni. Lo! Akakuta programu tatu: Kichochoro yenyewe, Kichochoro Turbo, na nyingine iitwayo Ujia; hizo mbili zilisema zimetokana na Kichochoro. Turbo ilijinadi kwa mbwembwe: bure, mbio kuliko zote!

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," akaguna. "Mie nabaki na ya mume wangu."

Akamwita jirani yake Mwajabu, mwalimu wa kompyuta katika chuo cha ufundi.

"Shikamoo, Mama Lusungu."

"Marahaba, mwanangu. Nitengenezee hii hii. Nyingine sitaki."

Mwajabu aliitazama kwa muda. "Mama, hii haina mtu. Waliokuwa wanaitunza wameacha. Ina tundu, na hakuna wa kuliziba. Mtu anaweza kupenya akazifuta hadithi zote za mzee."

Mama Lusungu alishtuka. "Na hizo mbili? Si za wezi? Wamechukua kazi ya mwenzao!"

"Si wizi, mama. Kichochoro ni programu huria. Maandishi yake ya ndani yako wazi. Yeyote anaruhusiwa kuyasoma, kuyachukua na kuyaendeleza kivyake. Kama vitumbua vyako."

Mama Lusungu akacheka, ingawa moyo ulikuwa mzito. Ni kweli, aliufundisha mtaa mzima kuvipika bila kuficha kitu, jirani yao Jenipher akiwemo.

"Jenipher anavipikaje?" Mwajabu akauliza.

"Mbele za watu. Kila anachotia unakiona."

"Na yule wa stendi?"

"Yule! Anakorogea ndani, mlango kafunga. Ukimuuliza katia nini, anakwambia we kula tu."

"Basi huyo ndiye Turbo. Kayaficha maandishi yake, halafu anataka kuona namba zote zilizomo kwenye simu yako. Mwenye njia mwenyewe ndiye anayekuchungulia! Watu wa Ujia wako wazi, wanarekebisha kila mara, na wajuzi wengine wanaikagua kazi yao. Soma hapa, kwenye ukurasa wa Kichochoro wenyewe."

Mama Lusungu akavaa miwani. Watunzaji waliandika: "Tumechoka. Nendeni Ujia. Tunawaamini."

Mama Lusungu akaivua miwani. Alikumbuka siku magoti yalipomshinda, akampa Jenipher kikaango chake na kuwaelekeza wateja kwake. Hakuna aliyeuona huo kuwa usaliti.

"Lakini hii mzee aliiweka kwa mkono wake," akasema.

Mwajabu akamshika bega. "Aliiweka ili hadithi zifike salama, mama."

"Haya. Itoe."

Kwanza walinakili hadithi zote kwenye flashi. Kisha wakapakua Ujia kutoka ukurasa wake wenyewe, si kwenye viungo vinavyosambazwa kwenye magrupu. Mwajabu akamkumbusha waulizie pia taratibu za nchi kuhusu VPN, wazifuate. Lusungu naye akaiweka kwenye simu yake.

Njia ikafunguka. Mama Lusungu akampigia binti yake, akaiweka simu sikioni ili asikilize pamoja nao. Kule Mbeya sauti ya Elibariki ikaanza, nzito na ya upole, kama ilivyoanza siku zote:

"Haya mjukuu wangu, umekula?"

"Bado, babu," Niko akajibu. "Nisubiri."

Na Mama Lusungu, huku Chamazi, akasikia kijiko kikigonga sahani.