Ngozi ya Chini

Sisi wapiga dramu tuna ugonjwa mmoja. Tukiona dramu imefungwa vibaya, mikono inatuwasha. Tutaomba ufunguo wa kukazia skrubu, tutainama, tutarekebisha, hata kama dramu si yetu na mwenyewe hakutuomba. Ugonjwa huo ndio ulioniponza, na sina wa kumlaumu.

Jioni ile nilitoka nyumbani jua linazama, naenda kutafuta snea. Snea ni ile dramu ndogo inayokaa kati ya magoti ya mpigaji, yenye nyaya nyembamba kwa chini zinazotoa mlio wa kukwaruza. Yangu ya mbao ilikuwa imepasuka ubavu, na Jumamosi nilikuwa na majaribio kwenye bendi ya hoteli. Kiongozi wa bendi alinipa sharti moja. "Njoo na ya akriliki, ile plastiki inayoonyesha kama kioo. Nataka taa zipite ndani yake, watu waone." Nikasema sawa, bosi. Ningesema nini? Kazi za kubahatisha zilikuwa zimenichosha.

Mke wangu alikuwa amekwenda kumuuguza mama yake. Nilibaki na binti yetu wa miaka sita, na huyo binti, nawaambieni, kwa maneno ni balaa. Majirani wanamwita Redio. Anaamka anasema, anakula anasema, analala sentensi iko katikati. Nilipomwacha kwa jirani, mama yule akaniuliza mlangoni, "Leo umemtoa betri?" Binti akamjibu mwenyewe, "Mimi situmii betri, natumia umeme!" Tukacheka wote watatu. Kicheko kile nakikumbuka kila siku.

Duka lilikuwa ghorofani, juu ya fundi cherehani. Lilikuwa la fundi wa dramu mmoja mwenye sifa zake, marehemu sasa, na mjane wake alikuwa anauza vilivyobaki. Ngazi zilikuwa na giza. Ndani mlinuka gundi na vumbi. Mjane alisimama nyuma ya kaunta, mtandio umemfika hadi kidevuni. Pembeni aliketi mwanamume wa miaka thelathini hivi, anasugua matoazi ya shaba kwa kitambaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alinong'ona.

"Kaka, habari za kazi?"

Kaka hakujibu. Aliniangalia tu, mkono unasugua.

Snea za akriliki zilikuwa mbili. Ya kwanza ya bluu, inang'aa, lakini ukuta wake ulikuwa mwembamba, na nilipopitisha kidole ukingoni nikakuta mahali pamemeguka. Ukingo ukimeguka, ngozi haikai sawa, utaikaza mwaka mzima isipate sauti. Ya pili ilikuwa angavu kabisa, ya zamani, nene, haina kiungo popote. Niliiinua mbele ya dirisha nikaona ng'ambo yake taa za barabarani zinawaka. Ukingo ulikuwa laini mzunguko mzima. Moyo ukaniambia ni hii.

Nikaigonga.

Tup.

Nikagonga tena. Tup. Ilikuwa imekufa. Nikaigeuza, na nilipoona chini nikacheka kwa sauti.

Niwaeleze. Dramu ina ngozi mbili. Ni plastiki tupu siku hizi, lakini sisi bado tunasema ngozi. Ya juu ni nene, ndiyo inayopigwa fimbo. Ya chini kwenye snea lazima iwe nyembamba kama karatasi ya nailoni, ili nyaya zipate kuitikia. Mtu ukiweka nene huku chini, nyaya hazisikii kitu. Ni kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza. Na hapa chini palikuwa na ngozi nene, nyeupe, skrubu zote kumi zimekazwa mpaka mwisho.

"Mama, ni mbumbumbu gani aliyeifunga hivi?"

"Mume wangu."

Nikaona haya. Nikasema, "Basi mzee alipitiwa, mama. Uzee huo."

"Hapana. Haku..." Mdomo wake ulibaki wazi. Ulitikisika, hakikutoka kitu. "Hiyo ya chini, mwanangu. Usi..."

"Nisi nini, mama?"

"Usi... usi..."

Akagonga ngozi ile nene kwa kidole, mara tatu, macho yamemtoka. Nikadhani ana kigugumizi. Nikamwonea huruma, nikamwambia, "Usijali mama, nitakurekebishia hapa hapa."

Fundi aliyesifika hivyo, mkono wake ukiaminiwa na kila mpigaji, angekosea kosa la kitoto? Swali hilo lilipaswa kunijia. Halikuja. Nilikuwa nimeshashika ufunguo.

Ngozi zilining'inia ukutani, nikajichagulia mwenyewe. Kwa juu nilichukua nyeupe, ya kukwaruza kidogo, kwa sababu akriliki ina sauti kali na inataka kupozwa. Kwa chini nilichukua angavu, nyembamba kuliko zote. Nikalegeza skrubu moja moja. Ya kumi ilipoachia, hewa ikatoka ndani ya dramu.

Ilikuwa ya vuguvugu. Ilinuka pumzi ya mtu aliyetoka usingizini.

Yule mwanamume akasimama. Akajiziba mdomo kwa kiganja, akatoka mbio akishuka ngazi. Nilipogeuka, mjane naye alikuwa amejifunika mtandio mpaka puani. Hakuniambia neno lingine. Nililipa, nikaondoka na mali yangu kwapani, nimeridhika na ujuzi wangu. Mpumbavu mkubwa.

Nyumbani niliisimamisha sebuleni kwenye miguu yake. Binti akaizunguka. "Baba, inaonekana mpaka ukutani! Haina kitu ndani!" Halafu akafanya kama mimi kabla ya wimbo, mkono juu. "Moja, mbili, tatu, nne!"

Kriiii... zikajibu nyaya.

Akaruka kwa furaha. "Imeniitikia!"

Nikamweleza kwamba kila snea hufanya hivyo, ukisema karibu nayo nyaya hutetemeka. Ndiyo maana tukimaliza kupiga tunabonyeza kile kishikizo cha pembeni, nyaya ziachane na ngozi, zinyamaze. Usiku ule sikubonyeza. Binti alikuwa anaongea nayo, nami nilikuwa naosha vyombo. Akisema maji, inajibu. Akisema kiatu, inajibu. Nilimsikia anacheka mpaka nikamchukua kumlaza.

Asubuhi nikamuuliza anataka maandazi mangapi.

Akafikiri. Akainua kidole kimoja.

"Sema basi, Redio."

Akafungua mdomo, akaufunga. Nikajua ni utani wake. Nikamwambia ahesabu, nikamsaidia, "Moja..." Akaniangalia midomo. "Mbili..." Akashika koo lake kama anatafuta kitu kilichoanguka.

Adhuhuri alisimama mbele ya mtungi, ananionyesha. Neno maji halikumtoka. Nikatafuta tochi nikamwangalia koo, halina kidonda. Nikampeleka zahanati, mganga akasema mtoto mzima, labda amemkumbuka mama yake. Tuliporudi, kwa mara ya kwanza maishani aliketi kimya kwenye kochi, mikono mapajani.

"Mwanangu, niite. Sema baba."

Alijaribu. Wallahi alijaribu, mishipa ya shingo ilimsimama. Machozi yakamtoka bila sauti.

Na kule kwenye kona...

Kriiii.

Hakuna aliyekuwa amesema kitu. Nilisogea. Nyaya zilikuwa zinatetemeka zenyewe, taratibu. Niliinama nikaangalia ndani ya dramu. Ni angavu ile, hakuna pa kujificha. Niliona upande wa pili, ukuta, saa, kalenda. Haikuwa na kitu. Nikaweka sikio.

"...ba... ba..."

Ilikuwa sauti ya mwanangu.

Nilibonyeza kishikizo kwa nguvu mpaka kikakatika. Nyaya ziliachana na ngozi, lakini ziliendelea kutetemeka hewani. Nilimbeba binti mgongoni, mtoto mkubwa yule, nikakimbia naye mpaka kwa jirani, kisha nikaenda dukani. Jua lilikuwa linazama tena.

Mjane alikuwa ananisubiri juu ya ngazi, na kifurushi cha gazeti mkononi.

"Imeanza," alinong'ona.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Maneno hayo sina." Alisema polepole, anakanyaga neno moja moja kama mtu anayevuka matope. "Yale ya kumkataza mtu. Yalikwenda. Hata kwa kalamu hayaji."

Yule mwanamume alikuwa nyuma yake. Ni mwanawe. Alikuwa na miaka saba wakati baba yake alipoletewa dramu ile na mtu asiyemjua, aitengeneze, naye mtu yule hakurudi kuichukua. Fundi alipogundua kwamba inakula maneno ya mwanawe, alifunga ngozi nene chini ili isisikie tena. Lakini alikuwa amechelewa. Mtoto maneno yalikuwa yamemwisha.

"Nilimtolea yangu," mjane alisema. "Mengi. Nilichelewa."

"Sasa mbona uliiweka dukani?"

Akatikisa kichwa. "Naiweka darini. Asubuhi naikuta kwenye rafu."

Nikauliza ni nini kilichomo ndani. Hakujua. Marehemu naye hakujua. Alichojua ni kwamba ukiipa neno lako inaachia yale iliyoyachukua karibuni, kama hujachelewa. "Liwe lile..." Akajigonga kifuani. "Lile ukilikosa, utalia." Kisha akanipa kifurushi. Ilikuwa ngozi nene, nyeupe, ile niliyoicheka.

Nilirudi nikaketi sakafuni mbele ya dramu. Kwanza nilijaribu ujanja. Nikasema "hoteli." Nyaya hazikusogea. Nikasema "Jumamosi." Nikasema "bendi," nikasema "dramu" yenyewe. Kimya. Takataka haikutaka.

Nikafikiri neno gani mdomoni mwangu ni la thamani. Sikufikiri sana. Ni lile nililochagua mwenyewe siku alipozaliwa, nikabishana na ukoo mzima mpaka wakanikubalia. Ni lile ninalolisema mlangoni kabla sijavua viatu.

Nikainama, nikamwita mwanangu kwa jina lake.

Kriiii!

Nikamwita tena. Nilimwita kama anavyoitwa chakula kikiwa tayari. Nilimwita kama anavyoitwa akianguka. Kila nikiita, jina likawa jepesi mdomoni, likawa hewa, mpaka nikawa nachezesha midomo mitupu. Nyaya zikatulia. Nikakamata ufunguo, nikang'oa ngozi nyembamba, nikafunga ile nene, skrubu zote kumi mpaka mwisho. Nikaigonga.

Tup.

Nilisikia miguu inakimbia uani. "Baba! Baba! Maji ya kwa jirani yana chumvi! Moja, mbili, tatu, nne, tano, nimehesabu ngazi zote!" Nikamkumbatia mpaka akalalamika namminya. Jirani mlangoni akasema, "Mchukue Redio wako, imerudi hewani."

Jumamosi sikwenda hotelini. Sijutii.

Mke wangu aliporudi nilimweleza, hakuniamini, mpaka alipoona nashindwa kulitaja jina. Sasa ananionea huruma, na huruma yake inanichoma. Yeye akimwita mtoto, mimi sisikii jina. Nasikia nyaya. Nachukua daftari la shule, herufi naziona kwenye jalada, macho yanateleza. Mimi nasema mwanangu, nasema binti, nasema Redio kama majirani. Mwanzoni aliniuliza, "Baba, kwa nini huniiti?" Nikamwambia nakuita. Akasema, "Sio hivyo."

Dramu tuliizika uani. Asubuhi ilikuwa sebuleni, kavu, haina hata chembe ya udongo. Sasa imekaa kwenye kona, na kazi yangu ni kuwalinda wenzangu nayo. Maana kila mpiga dramu anayekuja kunitembelea anaigeuza, anaona ngozi nene chini, anacheka. Wiki iliyopita rafiki yangu mmoja alikuwa ameshalegeza skrubu nne nilipotoka chooni. "Nakufanyia wema, ndugu yangu," akasema. Nilimpiga mkono, hatujasemezana tangu hapo. Nilizikaza upya zote nne. Nadhani nilizikaza vya kutosha.

Jana jioni nilikuwa jikoni namenya vitunguu. Mke wangu alikuwa kazini. Binti alikuwa sebuleni na madaftari yake. Nyumba ilikuwa kimya, nami nilikuwa sijasema neno kwa muda mrefu.

Nikasikia nyaya, kisha kiti kinasogea. Nikasikia sauti yake, imejaa furaha, mtoto aliyepata alichokuwa anakisubiri siku nyingi.

"Abee, baba! Nakuja!"

Na miguu yake ikaelekea kwenye kona.