Idhini ya Shangazi Kusum

Shalaka aliamka na hasira, akaja nayo hadi dukani. Kila asubuhi kabla ya shule alimsaidia mama yake kufungua duka lao la makubazi ya ngozi mjini Kolhapur, India. Alifagia kizingiti, akawasha udi, akapanga makubazi jozi kwa jozi. Kazi hizo hazikumuudhi hata kidogo. Aliyemuudhi ni Shangazi Kusum, dada wa marehemu baba yake, aliyeshirikiana na mama katika biashara. Fedha za duka hazikutoka benki mpaka simu mbili zikubali, ya mama na ya shangazi, na shangazi hakukubali kitu kabla hajakisoma mpaka mwisho. Jana mwuza ngozi alisubiri malipo yake hadi akanuna.

"Anatuona wezi!" Shalaka alifoka.

"Ndivyo tulivyopatana," mama akamjibu. "Nakwenda kuchukua nyuzi. Simu yangu ya duka hiyo hapo. Mteja akija, muuzie."

Mama hakupenda kuhangaika na simu. Namba yake ya siri ya benki Shalaka aliijua kama jina lake mwenyewe, maana yeye ndiye aliyemwingizia kila siku.

Mama hajafika mbali, simu ikalia.

"Halo, binti! Hapo ni duka la makubazi? Mimi Kapteni Vikram, wa jeshi. Nataka jozi sitini za askari wangu kwa sikukuu ya Diwali. Leo mmeshauza chochote?"

"Bado, bwana."

"Basi mimi ndiye bohani yenu!"

Moyo wa Shalaka ukaruka kwa furaha. Bohani, mauzo ya kwanza ya siku, haikataliwi na mwenye duka yeyote mjini pale. Mteja wa kwanza akitaja bei mbovu, utamkubalia huku unauma meno, ilimradi asiondoke mikono mitupu, kwa sababu akiondoka hivyo ameondoka na riziki ya siku nzima. Kapteni akatuma rupia moja. "Hiyo ya kufungulia," alisema. Shalaka akaigusisha simu kwenye paji la uso, kama mama alivyofanya kwa noti ya kwanza ya kila asubuhi.

"Sasa nakutumia ombi la fedha zote. Bofya, weka namba ya siri, zinaingia. Haraka, binti, gwaride linanisubiri!"

Ombi likaja. Shalaka hakulisoma. Akabofya, akaingiza namba ya mama. Maneno yakatokea kwenye kioo: inasubiri idhini ya Kusum.

"Lo! Huyu tena!"

Akampigia shangazi, aliyekuwa akishona makubazi nyumbani kwake, uchochoro wa pili. "Shangazi, kubali haraka! Ni bohani, ya jeshi!"

Shangazi akalifungua ombi kwenye simu yake. Akalisoma mpaka mwisho. "Hapa wameandika kulipa. Tunamlipa nani?"

"Hatulipi, tunalipwa!"

"Tangu lini mtu akaweka namba ya siri ili apokee fedha? Sikubali."

"Unafukuza bohani! Unatutia mkosi!" Shalaka alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. "Kila siku ni wewe tu, ndiyo maana hatuendelei!"

"Piga kelele utakavyo. Nakuja."

Mara kapteni akapiga tena. Shalaka alipomwambia shangazi amekataa, sauti ya kapteni haikuwa tena ya mteja. "Wewe mtoto mjinga, mwambie huyo mama abofye! Au nilete askari wavunje hicho kibanda chenu?"

Shalaka akageuka kuutazama mlango. Shangazi akaingia akihema, akampokonya simu.

"Kapteni, hao askari wako wanavaa saizi gani?"

"Saizi... yoyote tu."

"Askari sitini, wote saizi yoyote! Mwizi mkubwa wee! Unataka kumlia mjane na mtoto wake fedha ya ngozi ya Diwali? Huna hata haya!"

Simu ikakatwa. Shangazi akalikataa lile ombi, kisha akapiga namba ya benki iliyoandikwa nyuma ya kadi, akaeleza yote. Benki wakamwambia hakuna kilichotoka, ila namba ya siri ya mama ibadilishwe mara moja.

Mama akarudi na nyuzi zake, akaelezwa. Akazitupa chini. "Shalaka! Fedha ya msimu mzima! Tungekula nini?" Halafu akajigeuzia hasira mwenyewe. "Na mimi je? Nani alinituma kumpa mtoto namba ya siri, kwa uvivu wangu wa kubofya?"

Shalaka alilia kwa hasira. Alimchukia yule mtu, lakini kilichomchoma zaidi ni maneno aliyomrushia shangazi. "Nisamehe, Shangazi. Nilikutukana, na wewe ndiye uliyetuokoa."

"Nisikilize," shangazi alisema, sauti bado kali. "Bohani ni baraka, mimi mwenyewe sijawahi kuikataa. Yule mwizi analijua hilo, ndiyo maana aliuliza kwanza kama mmeuza. Mtu akikuharakisha penye fedha, simama usome. Namba ya siri ni ya kutoa fedha, si ya kupokea, na kila mtu ana yake, hata mwanawe hampi. Nami sikuweka idhini yangu kwa kuwaona wezi. Niliiweka kwa ajili ya siku ambayo mmoja wetu atadanganywa. Leo ni wewe. Kesho naweza kuwa mimi."

Mama akaishika simu ili aweke namba mpya, akibofya polepole kwa kidole kimoja. Akakwama katikati. Kwa mazoea akainua kichwa kumtazama binti yake.

Shalaka alikuwa ameshaipa simu mgongo, uso ameuelekeza kwenye rafu ya makubazi.

"Endelea tu, Mama," alisema. "Nitasubiri."