Mkishamaliza Naye

"Mkishamaliza naye, mtamrudisha?"

Swali hilo liliulizwa saa nne asubuhi, jua limewaka kweupe, katika wodi ya wazazi ya kituo kimoja cha afya ng'ambo ya ghuba, upande wa Sengerema. Hakuna aliyelijibu. Aliyeuliza ni Teodora, binti wa miaka ishirini, aliyekuwa amejifungua mtoto wa kiume hata saa mbili hazijapita. Aliyeulizwa ni Hellen, mtafiti msaidizi, koti jeupe mwilini, kalamu mkononi, ndoo yenye mfuniko miguuni. Ndani ya ndoo, juu ya barafu, lilikuwamo kondo la nyuma la Teodora.

Hellen hakujibu kwa sababu hakusikia swali. Alisikia kosa. Chuoni alikuwa bingwa wa midahalo, ulimi wembe, masikio yamezoea kuwinda makosa ya wenzake. Kondo ni ngeli ya li, alijisemea. Nalo. Mtalirudisha. Akatabasamu ile huruma ya wasomi, akidhani ni Kiswahili cha mtu aliyelelewa kwa Kisukuma, akageuza ukurasa wa fomu ya ridhaa. Palikuwa pameandikwa: *Je, mshiriki ana swali lolote?* Ndiyo. Hapana. Ukiweka tiki kwenye Ndiyo unatakiwa kujaza mistari minne ya maelezo, na wodini walibaki wazazi sita. Akaweka kwenye Hapana.

Teodora akatia sahihi, herufi moja moja. Ndoo ilipoinuliwa, mtoto aliyekuwa kifuani pake akaanza kulia. Kilikuwa kilio cha kukwaruza chenye kituo katikati, kama mtu anayemeza kitu kisha anaendelea. Alilia mpaka Hellen alipofika mlangoni na kubana mfuniko vizuri. Hapo akanyamaza.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa maana, tusisingizie. Malaria ya mama mjamzito hujificha kwenye kondo, na nani asingependa kujua inajificha vipi? Makondo mia tatu na kumi na mawili yalikusanywa Sengerema, Misungwi na Ukerewe. Kila moja lilikatwa kipande cha ukubwa wa kiganja, kikatiwa kwenye mfuko, kikabandikwa namba. Kilichobaki kilikwenda kwenye tanuru la taka. Vipande vikawekwa kwenye friza kubwa ya nyuzi hasi themanini, katika taasisi moja kule Pasiansi, upande huu wa ghuba, jina lake tuliache.

Mwezi wa tisa, Luhende, fundi wa maabara, alimwita Hellen kwa kidole.

"Njoo unuse."

"Ninuse nini, kaka Luhende?"

"We njoo tu, acha mdahalo."

Akafungua friza. Ukungu wa baridi ukawamwagikia miguuni, na ndani ya ukungu huo mlikuwa na harufu ya udongo. Udongo mbichi, uliochimbuliwa sasa hivi, umelowa. Nje mvua ilikuwa haijaonekana tangu mwezi wa tano.

"Labda mtu ameweka samaki wake humu," alisema Hellen.

"Samaki ananuka shamba?" Luhende akafunga mlango, akachukua ile karatasi ya kurekodi nyuzijoto iliyoning'inia kwa uzi, akaandika hasi themanini. Kisha akasema bila kumtazama, "Jana, saa tisa, ilisoma thelathini na saba. Bila hasi. Nikafumba macho, nikafumbua, imerudi. Sikuandika. Ningeandika nini? Kwamba friza ina homa?"

Thelathini na saba ni joto la mwili wa mtu.

Jumatatu iliyofuata umeme ulikatika saa nane mchana. Kabla jenereta halijawashwa huwa kuna dakika mbili tatu ambazo jengo lote hunyamaza, viyoyozi, mashine, kila kitu, mpaka unasikia kunguru wanaotembea juu ya bati. Hellen alikuwa peke yake chumba cha friza akihesabu mifuko ya sampuli kwenye orodha. Katika ukimya huo mtoto mchanga alilia. Sauti ilikuwa chini, imefunikwa, kama inatoka ndani ya blanketi. Ilikwaruza, ikakata katikati, ikameza, ikaendelea. Jenereta likanguruma, sauti ikapotea. Hellen alipopata nguvu ya kuvuta mlango, aliona kwenye barafu iliyoganda upande wa ndani alama ya kiganja. Ungeweza kuifunika kwa kizibo cha soda.

Alikwenda kwa Daktari Nestory, kiongozi wa utafiti. Alimkuta anakula ndizi huku anasoma makala yake kwenye kompyuta.

"Hellen," alisema akiwa ametulia, "wewe ni mwanasayansi au ni mcheza ngoma?"

"Mimi ni mtu mwenye masikio, Dokta. Luhende naye kasikia harufu."

"Luhende alisikia jini hata kwenye mashine ya fotokopi."

"Basi njoo usimame pale umeme ukikatika. Dhana hupimwa, si ndivyo ulivyotufundisha?"

Daktari Nestory akaweka ganda la ndizi mezani. Kwa kitambo kidogo uso wake ulikuwa uso wa mtu ambaye tayari amesimama pale. "Ijumaa sampuli zote zinasafirishwa ng'ambo," alisema kwa sauti ya chini. "Barafu kavu imeshaagizwa. Zikiondoka, kitaondoka kilicho nazo. Vumilia mpaka Ijumaa, binti."

Jioni ya Jumatatu hiyo hiyo simu ya Hellen iliita. Namba yake iliandikwa chini ya kila fomu: ukiwa na swali, piga.

"Shikamoo dada. Ni mimi Teodora, wa Sengerema. Mtoto harii."

*Halii*, Hellen alisahihisha moyoni, kwa mazoea tu. Kisha akakumbuka sauti ya kwenye friza.

"Halii tangu lini?"

"Tangu siku ire mlivyomchukua mwenzake."

Kesho yake alipanda kivuko cha Kamanga. Alimkuta Teodora amekaa kwenye mkeka, mwanawe mapajani, amefungwa mablanketi mawili katika joto lile. Malimi, ndiyo jina walilompa, alikuwa na miezi saba na uzito wa mtoto wa miezi miwili. Hellen akamshika shavu, akaondoa mkono haraka. Lilikuwa na baridi ya samaki anayetoka kwenye barafu. Mtoto akamtazama, akakunja uso, akafungua mdomo, kifua kikapanda na kushuka, machozi yakatiririka. Sauti haikutoka. Alilia hivyo kama picha ya mtoto anayelia.

"Hospitali wamesemaje?"

"Wamepima mpaka wamechoka. Wanasema yuko sawa."

Mama mkwe wa Teodora aliingia akijifuta mikono. Wilhelmina alikuwa mkunga wa jadi na mganga, rozari shingoni, simu ya tochi kifuani. Hellen alimwamkia.

"Marahaba. Ndiyo wewe wa ndoo?"

"Ndiyo, bibi."

"Mmeniudhi sana." Akakaa. "Mtoto huzaliwa na mwenzake. Huyu anabaki juu, yule anarudi chini, anamshikia nafasi, ndipo huyu anaitwa mtu wa hapa. Wa huyu umemshikisha nafasi wapi?"

"Kwenye friza."

"Basi na huyu yuko huko huko. Hapa unaona kivuli." Alisema bila kupandisha sauti, kama anayesoma bei ya dagaa. "Mwenzake anaganda, na akishaganda hivyo bila kuzikwa anageuka. Si mtu tena. Mnamwita jini, lakini jini gani hilo ambalo mmeliweka wenyewe, mkalifungia kwa ufunguo?"

"Nikimleta? Hata kipande?"

"Hata kipande. Ila mlete yeye. Umwite, atakuitika. Ukikosea ukaleta wa mwenzie, huyu atamfuata asiye wake, na yule wa watu atabaki hana kitu."

Hellen aliposimama kuondoka, Teodora alimsindikiza mlangoni. "Niliuriza, dada," alinong'ona. "Siku ire niliuriza."

Aliporudi Pasiansi alikwenda moja kwa moja kutafuta daftari linalounganisha namba na majina. Halikuwapo. Mwezi wa nane sampuli zilipewa namba mpya, na daftari likachomwa moto ili mtu yeyote asiweze kujua kipande kipi ni cha nani. Barua ya kuamuru hivyo ilisema ni kwa mujibu wa maadili. Ndiyo, maadili. Yaani mtu anachukua kiungo cha mwanao, anafuta jina lako, halafu anakuambia amekuheshimu.

Alhamisi saa nane mchana umeme ulikatika, kama ratiba ya mgao ilivyosema. Luhende alikuwa amekubali jambo moja tu, kuchelewesha jenereta kwa dakika tano, na alilifanya akiwa ameipa friza mgongo. "Fanya haraka dada," alisema, "mimi nina watoto."

Hellen akafungua. Harufu ya udongo ilimpiga usoni, na nyuma yake harufu ya maziwa yaliyochacha, na nyuma yake ile ya damu ya wodini, na ukungu ulikuwa vuguvugu, ukamlamba shingo kama pumzi ya mtu aliyelala karibu, naye akaweka kiganja juu ya barafu na kuona kwamba zile alama za vidole vidogo sasa zimejaa mlango mzima, juu mpaka chini, zimepandana kama nyayo za mbuzi kisimani, akajilazimisha kufungua kinywa na kuita kwa sauti iliyomtoka kama ya mtoto wa shule, "Malimi," na kule chini, droo ya tatu, kilio kikaitika, kinakwaruza, kina kituo, akainama akakifuata kwa vidole vilivyokuwa vinakufa ganzi, na ndipo juu yake kikaitika kingine, na pembeni kingine, na kingine, droo kwa droo, mia tatu na kumi na viwili, vyote vinalia kwa pamoja, vyote vinaitika jina hilo moja, kwa sababu hakuna hata kimoja kilichowahi kuitwa jina lolote, na asiye na jina huitika jina lolote.

"Dada, toka!" Luhende alipiga kelele.

Akanyakua mfuko ulioshtuka mkononi mwake, akafunga. Jenereta likawaka.

Ulikuwa ndio? Alijiapiza kwamba ndio. Ulipasha moto kiganja chake njia nzima ya kivuko.

Walimzika kesho yake mchana, saa nane kasoro, nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Wilhelmina alishuka na kile kipande mpaka shimoni kwa mikono yake, akasema maneno yake, akamwaga maji, akarudishia udongo. Wakasubiri. Kuku walikuwa wanaparua jirani. Kisha, mapajani kwa mama yake, Malimi akatikisika, akavuta pumzi ndefu, akalia.

Vigelegele vilipanda. Jirani mmoja akakimbia kuja kuuliza kuna nini. Hellen alikaa chini kwenye majani, akalia naye.

Teodora hakupiga kigelegele. Alikuwa ameinamisha sikio. Mtoto alilia vizuri, laini, mfululizo, kama maji ya bomba. Alilia bila kukwaruza. Alilia bila kituo. Akampa ziwa, mtoto akageuza kichwa. Akamwita, mtoto akamtazama kwa adabu na mbali, kama mgeni anavyomtazama mwenye nyumba asiyemjua.

"Hii si sauti yake," alisema Teodora.

Simu ya Hellen ikaita papo hapo. Namba ngeni.

"Shikamoo dada. Naitwa Roza, niko Misungwi. Uliniandika kwenye fomu mwaka huu." Sauti ilikuwa tulivu kupita kiasi. "Mwanangu alikuwa na baridi tangu azaliwe, halii. Lakini alikuwa ananyonya, anacheka. Sasa hivi, saa nane kasoro, amezima. Hakuugua. Amezima kama taa. Nauliza tu dada, kuna kitu mmefanya huko?"

Hellen alitazama udongo mbichi kwenye migomba. Hili nalo lilikuwa swali, na hili nalo hakulijibu.

Saa tisa ndege ilipita juu ya ziwa ikielekea ilikokuwa ikienda, na ndani yake, kwenye makasha ya barafu kavu, vilikuwamo vipande mia tatu na kumi na moja. Wilhelmina aliifuata kwa macho mpaka ikapotea.

"Ulimwitaje?" aliuliza.

"Malimi."

"Malimi basi?" Yule bibi akashika kichwa. "Mwanangu, ukisimama soko la Sengerema ukaita Malimi wanageuka watu kumi! Mtu anaitwa wa nani, wa wapi. Kwani huko shuleni mlifundishwa nini?"

Hellen aliandika barua pepe kwa walioko ng'ambo, kurasa nne, hoja baada ya hoja. Alijibiwa na mashine: ujumbe wako umepokelewa. Taasisi ilimwachisha kazi kwa kupoteza sampuli moja. Luhende yuko bado, na anasema friza tupu inasoma hasi themanini siku zote, ila inanuka shamba. Kule Sengerema Teodora anamlea mtoto asiyemjua, anamlea vizuri, kila siku saa nne asubuhi anatoka naye uani, anageuka upande ile ndege ilikoelekea, na anasikiliza.

Hatujui walipelekwa nchi gani. Basi wewe unayesikia haya, kama una ndugu anayefanya kazi huko kwenye majengo yenye mafriza, mpigie leo. Mwambie umeme ukizimika akasikia mtoto analia, kilio cha kukwaruza chenye kituo katikati, asikimbie. Asogee, amwite jina lake lote: Malimi wa Teodora, wa Sengerema. Halafu, tafadhali, amrudishe.