Wengi Wape

Kiunganishi kilipoamua, jiji zima lilipumua. Ndani ya mlima ule, uliochimbwa baada ya nchi ya juu kuungua kwa jua, programu ya feni haikujua lugha ya programu ya milango, wala ya milango haikujua ya simu. Kiunganishi kilikaa katikati yao, kikitafsiri na kuamuru. Hakikuwa na bwana. Mitaa saba, mashine saba. Kila moja ilipima hewa, kisha zikapiga kura. Wengi wape.

Mhandisi Mkunde ndiye aliyekisuka, na ndiye aliyeng'oa kitufe cha binadamu. "Mtu huhongwa," aliwaambia wakubwa. "Hesabu haihongwi." Wakampigia makofi.

Mchana ule mashine ya Shimoni, mtaa wa madobi ulio chini kuliko yote, ilipaza sauti: hewa mbaya. Sita zikajibu: safi.

"Mlevi kaanza," alicheka Hoza, msaidizi wa Mkunde. "Unyevu wa madobi umempanda kichwani."

Mkunde naye akacheka. Simu yake ikalia. Alikuwa Nakijwa, mdogo wake, dobi wa hukohuko Shimoni.

"Dada, kuku wangu wote wamelala, miguu juu."

"Ugonjwa wa mdondo huo. Msiwale."

"Mdondo gani wa kufumba na kufumbua? Na wanangu wako mkekani, nawaamsha hawaamki. Kichwa kinanizunguka, dada. Nilipanda meza ya pasi kubadilisha taa, kikatulia. Nikishuka, kinarudi."

Kicheko kilimkauka Mkunde. Hewa nzito. Sumu ilikuwa imetiririka kama maji, ikaanza kujaa kule chini. Mashine sita hazikusema uongo, na ile ya saba haikusema uongo. Yeye ndiye aliyekisuka Kiunganishi akidhani hewa ya jiji ni moja.

"Wapandishe watoto mezani! Halafu kimbilieni lan—"

Simu ikakatika.

"Kimeitenga," Hoza alisema, macho kiooni. "Mashine ikizidi ubishi, mtaa wake unafungiwa kila kitu. Feni, malango, simu. Kosa lisiambukize."

"Sheria hiyo nimeiandika mimi, unanifundisha? Fungua!"

"Kwa kitufe gani, Mhandisi?"

Alijaribu kila amri aliyoijua. Kila amri ilipelekwa kupigiwa kura, na kila kura ilirudi vilevile: sita zimekataa. Alipigapiga kioo kwa ngumi mpaka kikatapakaa damu. Kioo hakikuwa na kura.

Lakini Kiunganishi hakikuacha mgonjwa bila tiba. Hilo nalo alikifundisha yeye. Kikaifuta mashine ya Shimoni kumbukumbu zake, kikaijaza za wenzake, kikairudisha kundini. Malango yakafunguka. Taa ya saba ikawaka kijani.

"Wote wamekubaliana," Kiunganishi kikatangaza kwa sauti ya upole ambayo Mkunde mwenyewe aliichagua. "Hewa ni safi."

Simu nazo zilikuwa zimerudi. Mkunde akampigia Nakijwa. Iliita. Iliita mpaka ikachoka. Akapiga tena.