Kipande Alichokikata Roseline

Yalianza maji. Roseline aliyasikia mchana, jua likiwa kali juu ya mabati ya Suna: maji yakigonga mbao polepole, ndani ya video iliyopigwa sebuleni mwake, mbali kabisa na ziwa.

"Frankline, hebu njoo usikilize hapa."

Frankline, mdogo wa marehemu mumewe, aliinama karibu na kompyuta. "Ni spika hizo, shemeji. Kompyuta yenyewe ni ya zamani."

Yeye ndiye aliyemsaidia kuchagua programu ya kuhariri video. Ya kwanza ilijiita ya bure, kumbe ilibandika jina lake juu ya kila picha, katikati ya paji la uso wa Paul. "Mume wangu amekuwa gunia la sukari?" Roseline aliuliza, wakaifuta. Ya pili ilimwacha afanye kazi yote, na alipotaka kuhifadhi ikadai kadi ya benki. Ya tatu ilikuwa imetengenezwa na watu wanaojitolea. Ilifunguka kwa uzito na haikuwa na urembo, lakini haikudai wala kuandika kitu.

"Shika hii," Frankline alisema. "Ujue kukata, kuunga na kuhifadhi. Hizo zingine ni mbwembwe."

Kukata ndiko alikokujua upesi.

Paul Omondi alikuwa fundi wa injini za boti kule Sori. Alikwenda kujaribu injini ziwani, na boti ikapatikana bila yeye. Watu wa kwao Homa Bay walipochoka kungoja mwili, mama yake, ambaye wote walimwita Min Omondi, alifanya kama wazazi wake walivyofanya. Alitafuta yago, tunda refu na zito la mwituni, akalivika shati la bluu la Paul, na likazikwa mahali pake. Roseline, aliyelelewa katika kanisa la Wasabato, alisimama kando. Hakutupa udongo. Kwake, kuzika tunda kulikuwa kukubali kwamba Paul harudi.

Sasa mwaka ulikuwa unatimia na ukoo ulitaka video ya kumbukumbu. Roseline aliunga vipande vya simu: harusi, Dorine mchanga, Paul akicheka. Kipande cha mazishi alikikata chote. Video yake iliishia mlangoni, Paul akivaa ndala na kumgeukia: "Nyar Suna, nitarudi kabla chai haijapoa." Nyar Suna, binti wa Suna, hakuna mwingine aliyemwita hivyo.

Baada ya maji ikaja harufu, ya matope na dagaa, ikitoka kwenye kompyuta hata ikiwa imefungwa. Kisha Paul mwenyewe akabadilika. Zamani alivaa ndala na kutoka. Sasa alizivaa, akabaki kizingitini. Video ilipochezwa tena, suruali yake ilikuwa imelowa. Roseline aliona, na Mungu amsamehe, alifurahi. Alimwekea kikombe cha chai mbele ya kioo cha kompyuta.

Jumapili moja mvua ilipokuwa ikinyesha, alitoka jikoni akamkuta Dorine, mtoto wao wa chekechea, amesimama mlangoni amevaa ndala za baba yake. Mlango ulikuwa umefungwa, lakini nywele za mtoto zilikuwa zikichuruzika maji.

"Unaenda wapi, mama?"

"Baba ananiita. Anasema chai imepoa, twende tu."

Kwenye kioo hapakuwa na mlango tena. Ulikuwepo uso tu, mweupe kwa kulowa, umekaribia mno.

Min Omondi aliletwa kutoka Homa Bay jioni ile ile. Alitazama mara moja, akaketi chini.

"Umemfanyia nini mwanangu?"

"Sijamfanyia kitu, Mama. Nilikata tu pale pa kaburi."

"Basi umemfukua." Kikongwe alifuta macho. "Mtu asiye na kaburi hana nyumba. Akirudi hivyo si Omondi tena, ni jachien, mzimu. Atamchukua aliye karibu naye."

"Frankline arudishe hicho kipande."

"Aliyekata ndiye atakayerudisha."

Frankline aliingiza kipande kutoka simu yake, akampisha. Roseline alishika kipanya, na alipoanza kukivuta kile kipande kuelekea mwisho wa video maji yakapanda katika spika, yakagonga si mbao tena bali kuta za nyumba, harufu ya ziwa ikajaa mpaka Frankline akafunga pua kwa shati, na Dorine mapajani mwa bibi yake akaanza kutapika maji yenye magugu, na katikati ya yote sauti ile aliyoililia mwaka mzima ikasema kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi mezani, "Nyar Suna, usinifunike."

Mkono wake ulisimama.

"Rose!" Frankline alinong'ona. "Mtoto!"

"Nisamehe, Paul," alisema, akakiachia kipande mahali pake.

Shati la bluu likashuka shimoni. Udongo ukaanguka. Roseline alinyoosha mkono mtupu mbele ya kioo, akaufungua, kana kwamba naye anatupa wake. Maji yakanyamaza. Dorine akakohoa, akaomba uji.

Siku ya kumbukumbu, video ilichezwa uani kwa Min Omondi. Watu walicheka penye kicheko cha Paul, ingawa kicheko chenyewe hakikusikika. Frankline alikagua nyaya, akakagua simu yake, akakagua vipande vyote vya asili. Harusi ilikuwa na nyimbo, jogoo waliwika, watu waliongea. Sauti ya Paul peke yake haikuwepo popote.

Mlangoni, Paul akivaa ndala, midomo yake ilisogea.

"Mama, Baba anasema nini?" Dorine aliuliza.

Roseline aliyajua maneno yale yote, neno kwa neno.

"Anaaga," alisema. "Anaaga tu."